Mistari ya Baba: yaliyonikuta nilipofufua kihifadhi skrini cha mwaka 1993

Baba alikuwa mhasibu, si mwanaprogramu. Ila mwaka 1993, jioni baada ya kazi, alikuwa anakaa mbele ya kompyuta yake ya 386 (jina la prosesa yake) na kitabu mapajani, akijifundisha mwenyewe lugha ya kuandikia programu, Turbo Pascal. Katika yote aliyoyaandika, kilichonikaa moyoni ni kitu kimoja: kihifadhi skrini alichokiita MISTARI. Akitaka kuinuka, aliandika neno hilo, akabonyeza Enter, kioo kikawa cheusi tii. Kisha umbo la pande nne lilitokea, mistari minne iliyoshikana kwenye pembe, likaanza kuelea na kujipinda, kila pembe ikienda njia yake, nyuma yake likiburuta mkia wa nakala zake kama shela. Pembe ikigonga ukingo wa kioo inarudi, na umbo zima linageuka.

Mimi nilikuwa mtoto, nakaa chini mbele ya hiyo monita ya chogo na kutazama hadi niitwe. Safari yake ya mwanzo nilikuwa naijua kwa moyo. Nilikuwa nasema, "Sasa ule wa juu utagonga kulia," na kweli unagonga. Baba alikuwa anacheka. Nilidhani nina kipaji. Sababu halisi niliijua juzi tu, nami nitaifikia.

Baba alipofariki, kompyuta ile ilikuwa imekaa ndani ya boksi miaka mingi. Niliamua kuirudisha hai ili nione mistari ile tena. Kazi niliyodhani ni ya wikiendi moja ilinichukua miezi saba, na fedha niliyoitoa kwa vipuri na vifaa ingetosha kununua kompyuta nzuri iliyotumika. Fedha siijutii. Nachojutia ni vitu viwili nilivyoviharibu kwa haraka yangu, na kimoja hakirudi. Ndiyo maana naandika.

Kwanza niseme kwa nini baba aliiandika, maana hakuwa anatafuta mapambo. Ndani ya monita ya chogo kuna bomba la kioo, na upande wa mbele limepakwa fosfori, unga unaowaka ukipigwa na elektroni. Sehemu inayopigwa saa nyingi kila siku huchoka kuliko jirani zake, na picha ya kitu kilichokaa pale hubaki kama kivuli hata umezima. Kazini kwa baba kulikuwa na menyu ya hesabu iliyokuwa wazi kutwa, na ile monita ilipostaafishwa ndiyo aliyokuja nayo nyumbani. Ukiiwasha gizani, kabla picha haijatokea, unaiona menyu ile kwa mbali, mistari yake sita, kama maandishi kwenye karatasi iliyolowa. Baba hakutaka kivuli kiongezeke.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Mwaka 1983 jarida la Softalk lilichapisha programu ndogo ya John Socha iitwayo SCRNSAVE, ambayo ilizima kioo kibodi ikikaa dakika tatu bila kuguswa. Yenyewe haikuchora chochote. Mambo ya kuchora yalikuja baadaye: Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilikuja na kihifadhi kinachoitwa Mystify, chenye maumbo ya mistari yanayodunda na kuacha mkia, na kabla ya hapo wachezaji wa mashine za michezo walishauona mchoro wa jamii hiyo kwenye Qix, mwaka 1981. Baba alikuwa anatumia DOS tupu, mfumo wa kuandika amri bila Windows, hivyo alichokiona kwingine alikuja kujitengenezea.

Sasa makosa. La kwanza nililifanya ndani ya dakika kumi za kufungua boksi: nilichomeka waya, nikabonyeza swichi.

Kompyuta nyingi za enzi hizo zina betri ndogo ya nikeli na kadimiamu, ya volti 3.6, umbo la pipa, imelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio. Ikizeeka huvuja, na kinachovuja ni alkali inayokula shaba. Ningefungua kava ya kompyuta kwanza ningeona ukungu wa kijani umetanda kuanzia kwenye betri hadi chini ya soketi ya kibodi. Sikufungua. Niliiwasha, feni ikazunguka, kioo hakikuonyesha kitu, nikazima, nikawasha tena, nikazima. Mara ya nne nikasikia harufu. Njia mbili za shaba zilikuwa zimebaki nyembamba kama unywele, na umeme nilioupitisha ulizikata kabisa.

Nilikaa sakafuni nikiwa na bisibisi mkononi na nikalia. Ilikuwa kama nimemuumiza mtu.

Dawa yake inajulikana na haina ugumu: ikate betri na uitoe, pitisha siki kidogo kwa mswaki laini ili kuua alkali, osha kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), malizia kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke siku nzima. Njia zilizokatika niliziunga kwa waya mwembamba. Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemia, usijifunzie kwenye ubao unaoupenda. Mimi nilifanya mazoezi wiki mbili kwenye kadi mbovu za modemu kabla ya kuthubutu.

Nikiwa nasafisha nikafanya lingine lililokaribia kuwa baya zaidi. Pawa saplai za aina ya AT, muundo wa kompyuta za enzi hizo, zina plagi mbili za kwenda kwenye mazabodi, P8 na P9, zinazofanana mno, na zinakaa bega kwa bega. Nilizichomoa bila kupiga picha. Ukizibadilisha nafasi unapeleka volti mahali pasipo pake, na ubao unaweza kufa papo hapo. Nilimpigia simu fundi mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi na baba.

"Nyeusi kwa nyeusi, mwanangu," akasema kabla sijamaliza swali. "Waya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Zikiwa pembeni, usiwashe."

"Shikamoo mzee, na asante," nikamwambia, maana hata salamu nilikuwa nimeisahau.

Akaniuliza kama nimechomoa waya wa umeme ukutani. Nilikuwa sijachomoa. Kwenye kompyuta nyingi za AT, swichi ya mbele inapitisha umeme wa ukutani wenyewe, wote, hadi hapo kidole kinapogusa. Akaniambia pia nisifungue monita kabisa. Ndani ya bomba la rangi kunakuwa na volti 20,000 na zaidi, na chaji inaweza kubaki hata baada ya kuzima. Hilo nililitii. Monita haikuwa na tatizo lolote, na kama ingekuwa nalo ningemwachia yeye.

Ubao ukawaka. Lakini bila betri mipangilio yote ilikuwa imefutika, na kompyuta haikujua tena ina diski kuu ya namna gani. Mashine za leo huuliza diski yenyewe. Ile inakutaka wewe uiandikie idadi ya silinda, vichwa na sekta, yaani jinsi nafasi yake ilivyogawanywa. Bahati nzuri lebo ya diski ilikuwa bado inasomeka: 980, 10, 17. Zidisha hizo tatu, kisha zidisha kwa baiti 512 za kila sekta, unapata 85,299,200, yaani megabaiti 85 na kidogo. Ukikosea hapa, diski itaonekana tupu au imeharibika ilhali ni nzima. Mimi nilikosea, nikaandika 908. Ujumbe ukasema hakuna mfumo wa kuwashia. Kwenye menyu hiyohiyo kulikuwa na chaguo la kufomati diski kwa kiwango cha chini, na kwa dakika moja nilifikiri labda ndiyo tiba. Tafadhali, ukiona chaguo hilo kwenye mashine ya zamani, liache kama lilivyo. Soma lebo upya, piga picha, iandike kwenye karatasi ubandike ndani ya kava.

Nilipoandika 980, diski ikakohoa, ikanguruma, na C:\> ikatokea. Nikaandika mistari.

Ilikuja. Nyeusi tii, kisha umbo la buluu hafifu likitokea kushoto chini, lile lile, likipanda. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Sasa ule wa juu utagonga kulia." Ukagonga.

Hapo ndipo ningepaswa kusimama, nitoe diski kuu, niichukulie nakala kamili ya kila sekta, halafu ndipo niendelee kufurahi. Sikufanya hivyo. Nilitaka kuona jinsi baba alivyoandika, na faili la msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, MISTARI.PAS, halikuwemo kwenye diski kuu. Kulikuwa na kisanduku cha flopi, zile diski ndogo za kuchomeka, ishirini na kitu, na mojawapo ilikuwa na mwandiko wake: "Pascal – yangu".

Flopi ya inchi 3.5 ina tundu lenye kijifuniko kwenye kona. Likiwa wazi, flopi haiandikiki. Likiwa limezibwa, inaandikika. Hilo nilikuwa nalijua na nililifungua. Nisilolijua ni kuhusu ukungu. Flopi zilizokaa mahali penye unyevu huota ukungu kwenye ile karatasi ya sumaku ya ndani, na hauuoni mpaka usogeze mlango wa chuma na uizungushe kwa kidole mbele ya mwanga: madoa ya kijivu, kama pumzi kwenye kioo. Nilianza na flopi nisizozijali, ili kujaribu kama kisomeo kinafanya kazi. Mojawapo ilikuwa na ukungu. Uchafu ukaganda kwenye vichwa vya kisomeo, nami bila kusafisha nikaingiza flopi ya baba.

Ilitoa sauti ya kukwaruza, nyembamba, kama kucha kwenye sinia. Nilibonyeza kitufe cha kuitoa baada ya sekunde tatu hivi. Nilipoizungusha mbele ya taa nikaona duara limechorwa juu yake, angavu, mahali ambapo rangi ya sumaku ilikuwa imekwanguliwa na kubaki plastiki tupu.

Hicho ndicho kisichorudi.

Kwa hiyo kabla hujaingiza flopi yoyote ya zamani mahali popote, ifungue mlango na uitazame yote, pande zote mbili. Yenye madoa isafishe kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ukiizungusha taratibu, kabla ya kuiingiza. Safisha vichwa vya kisomeo baada ya kila flopi unayoitilia shaka. Na ile unayoipenda kuliko zote iwe ya mwisho, kwenye kisomeo ulichokihakikisha, na uisome mara moja tu kwa namna ya kuchukua kila kitu. Flopi ya kawaida ni njia 80, pande 2, sekta 18 kwa kila njia, kila sekta baiti 512: jumla baiti 1,474,560. Faili moja la picha yake linakaa popote.

Baada ya pigo lile nilijifunza kwamba kuna vifaa vidogo, kama Greaseweazle, vinavyounganisha kisomeo cha flopi na kompyuta ya leo kwa USB na kunasa mabadiliko ya sumaku yenyewe, si data iliyokwisha kutafsiriwa. Sekta iliyofifia unaweza kuijaribu tena na tena kwenye nakala bila kuigusa flopi. Fundi yule mzee alikuwa nacho. Tulisafisha kila kitu, tukasoma. MISTARI.PAS lilipatikana, isipokuwa sekta mbili zilizokuwa chini ya mkwaruzo. Baiti 1,024, katikati ya faili la baiti elfu tano na ushee.

Nilisoma kilichobaki usiku ule hadi alfajiri. Sikuwa najua kwamba baba aliandika msimbo kwa Kiswahili. Maneno ya Pascal ni yale yale ya Kiingereza, hayabadiliki, lakini majina yote aliyoyachagua mwenyewe yalikuwa yetu: Mkia = 30, Subiri = 20, PembeX, PembeY, KasiX, KasiY. Utaratibu wa kuchora aliuita Tandaza, na wa kufuta Kunja. Mwishoni kabisa kabla ya shimo kulikuwa na maelezo kwenye mabano ya Pascal: { usiguse hapa. isipodunda inatoka nje ya kioo }. Kisha herufi zisizosomeka. Sehemu iliyopotea ilikuwa ule utaratibu wa kudunda.

Programu iliyokwisha kukusanywa, yaani kugeuzwa kutoka msimbo kuwa lugha ya mashine, MISTARI.EXE, ninayo. Nikajipa moyo kwamba hiyo inatosha, nikainakili kwenye mashine yangu nyingine, ya prosesa ya 800 MHz, nikaiwasha kwa DOS. Haikuchora hata nukta. Ilisema Runtime error 200 ikarudi.

Hili linawakuta wengi, kwa hiyo nilieleze. Programu za Turbo Pascal zinazotumia moduli ya Crt hujipima zinapoanza: huhesabu zinaweza kuzunguka mara ngapi ndani ya pigo moja la saa ya mashine, yaani milisekunde 55 hivi, kisha hugawanya hesabu hiyo kwa 55 ili zijue milisekunde moja ni mizunguko mingapi. Jibu linawekwa kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 65,535. Mwaka 1993 hakuna prosesa ya mezani iliyofika huko. Prosesa zilipovuka kama 200 MHz, jibu halikuenea, na prosesa huripoti hali hiyo kana kwamba umegawanya kwa sifuri. Programu ni nzima na mashine ni nzima. Unaweza kuitia kiraka cha kurekebisha, lakini tia kwenye nakala, usiguse faili asilia. Au itumie ndani ya kiigizi kama DOSBox, programu inayojifanya kompyuta ya zamani, ambako kasi unaipanga wewe. Kwenye Windows ya biti 64 usihangaike, programu za biti 16 hazifunguki kabisa. Na faili la EGAVGA.BGI lazima likae folda moja na programu, vinginevyo haina dereva wa kuchorea. Nilipoteza jioni nzima kabla ya kukumbuka kulinakili.

Ndani ya DOSBox iliwaka. Lakini haikuwa yenyewe. Ilikuwa inakimbia, umbo linarukaruka, na lile jambo la shela kuelea halipo. Nilirudi kwenye 386, nikaweka simu mbele ya kioo na kuirekodi. (Shata ya kamera ukiiweka sekunde 1/60 ule mkanda mweusi unaopanda na kushuka unapungua, kwa kuwa kioo cha VGA cha 640 kwa 480 hujichora takriban mara 60 kwa sekunde.) Nikahesabu: hatua 22 kwa sekunde. Kwenye kiigizi nilichokuwa nimekipandisha kasi, karibu 50. Subiri = 20 ni milisekunde ishirini, na ishirini peke yake zinakupa hatua 50. Nusu ya pili ya muda, ile iliyoifanya mistari ielee, ilikuwa jasho la prosesa yenyewe ikichora. Baba aliirekebisha kwa jicho mpaka ikapendeza juu ya mashine ile, na upole wa mashine ukawa sehemu ya kazi yake bila kuandikwa popote. Ukihifadhi programu ya namna hii, rekodi pia jinsi inavyokwenda kwenye mashine yake halisi. Andika prosesa gani, kadi gani, hatua ngapi. Nilishusha mizunguko ya kiigizi kwa Ctrl+F11 mpaka nikapata 22, nikaandika namba hiyo kwenye karatasi ileile ya 980, 10, 17.

Nikaamua kujaza shimo, ili msimbo wa baba ukusanyike tena. Kabla ya hapo nikajaribu kwanza kuiandika upya yote kwa lugha ya leo, na hilo lilinifundisha nilichokuwa nikikitazama bila kukiona. Yangu ilikuwa safi, laini, na mfu. Siku tatu sikujua kwa nini. Kisha nikasogeza uso karibu na kioo cha 386, karibu hadi pua iguse, nikaona: kila mistari inapokatiza kuna tundu dogo jeusi. Na zile pembe nne, pale mistari inapokutana, hazikukutana. Pikseli moja, nukta moja ya picha, kwenye ncha haipo.

Sababu iko kwenye Tandaza: SetWriteMode(XORPut). Maana yake mstari haupaki rangi juu, unapindua biti za kilichopo chini. Rangi namba 11 ikiangukia namba 12 unapata 7, kijivu. Rangi ikijiangukia yenyewe unapata sifuri, nyeusi. Ndiyo maana njia panda zinatoboka, na ndiyo maana ncha inayoguswa na mistari miwili inazimika. Uzuri wake ni kwamba ukichora mstari uleule mara ya pili unafutika na kilichokuwa chini kinarudi, hivyo baba hakuhitaji kufuta kioo kizima kila hatua. Anachora umbo jipya mbele, anachora tena la zamani kuliko yote kule nyuma, mkia unasogea. Mistari minane kwa hatua badala ya zaidi ya mia moja. Kwa 386 hiyo ndiyo tofauti ya kuelea na kukwama.

Mimi nilipoiga nikafuta mistari kwa kwenda kinyume, kutoka pembe ya nne kuja ya kwanza, nikidhani ni yaleyale. Vikabaki vinukta vinukta kioo kizima kama vumbi. Kanuni za kuchora mstari ulioinama kwa pikseli, kama ile ambayo Jack Bresenham aliiunda mwaka 1962 akiwa IBM, huamua kila hatua pikseli ipi iko karibu na mstari wa kweli, na mahali penye utata, kutoka A kwenda B kunaweza kuchagua pikseli tofauti na kutoka B kuja A. Futa kwa mwelekeo uleule uliochorea. Na ukionyesha kwenye kioo cha leo, kuza kwa namba nzima: 640 kwa 480 mara mbili ni 1280 kwa 960, inatosha kwenye kioo chenye kimo cha pikseli 1080. Ukiivuta ijae, matundu yote yanazibwa na ukungu.

Limebaki la kudunda. Ctrl+Alt+F5 kwenye DOSBox hurekodi video bila kupoteza pikseli hata moja, basi nikarekodi na kufuata pembe moja moja, hatua kwa hatua, nikiandika ilipo. Pembe inayokwenda kushoto kwa pikseli 7 ikigonga ukuta inarudi kwa 4. Nyingine ilikuja kwa 4 ikarudi kwa 9. Kasi ya wima haiguswi ukigonga ukuta wa pembeni. Baada ya kugonga zaidi ya 200 nilizoziandika, hakukuwa na 2 hata moja, wala 10. Kati ya 3 na 9 tu. Kwa Pascal hiyo ni Random(7)+3.

Nikaandika mistari kumi na moja ya msimbo, nikakusanya kwa Turbo Pascal ileile, nikaendesha. Ikatokea kushoto chini, ikapanda, ule wa juu ukagonga kulia. Hapo ndipo nikaelewa kipaji changu cha utotoni. Namba za bahati nasibu za Pascal huanzia mahali pamoja kila mara usipoita Randomize mwanzoni, na baba hakuiita. Kila jioni mistari ilikuwa inasafiri safari ileile.

Na kama ni ileile, basi naweza kuupima msimbo wangu dhidi ya wake. Nilirekodi programu zote mbili na kuzilinganisha fremu kwa fremu. Zilikwenda sambamba hadi hatua ya 412, zikaachana. Nilikaa na hatua hiyo siku mbili. Ni pale pembe moja inapoingia kwenye kona kabisa ya kioo, ikagonga kuta mbili kwa pigo moja. Mimi nilikuwa naomba namba ya ulalo kwanza, kisha ya wima, kama wengi tunavyoandika, X halafu Y. Nikageuza, wima kwanza.

Zilikwenda pamoja hatua 20,000 bila kutofautiana pikseli moja, nikazima mwenyewe. Baba alikuwa anaanza na wima. Alikuwa mtu wa kukagua safu za hesabu kutoka juu kwenda chini, na nilipoiona Y imetangulia nilimwona na rula yake.

MISTARI.PAS sasa linakusanyika. Nakala zake ziko sehemu tatu, pamoja na picha ya diski kuu yote, ile rekodi ya simu, na flopi yenye mkwaruzo ambayo sijaitupa. Utaratibu niliojaza nimeuita Dunda. Juu yake nimeacha maneno ya baba, usiguse hapa, kama yalivyo, na chini yake nimeweka alama mbili kwenye mabano, moja pale mwandiko wake unapokatika na moja pale unapoendelea, zenye tarehe, ili atakayelifungua baada yangu ajue zipi ni baiti zake na zipi ni zangu.